Ukaguzi wa viwanja vya chaja za magari ya umeme, Nairobi

Hamjambo wanakikundi. Jumamosi tukifika kiwanjani tuanze na transfoma, maegesho baadaye. Chaja mbili za kilowati 60 zikifanya kazi pamoja huvuta takriban ampea 180 kwa kila fezi (mojawapo ya nyaya tatu za umeme) kwenye volti 415. Transfoma ya kVA 100 (kipimo cha uwezo wake, karibu sawa na kilowati) haitoshi kabisa, na ya kVA 200 inayolisha mtaa mzima huenda imeshajaa. Pigeni picha ya kibati chake chenye maelezo ya uwezo. Mzigo wa umeme wa saa moja jioni tutauulizia kampuni ya umeme, msipime wenyewe.

Plagi ni CCS2 (aina ya plagi ya kuchaji haraka), ila Nissan Leaf zilizotoka Japani zinataka CHAdeMO, plagi ya Kijapani, na tundu lao liko mbele, kwa hiyo angalieni urefu wa kebo. Mahali maji yanapotuama tupaache.