Watoto, herufi na usiku nane wa Hanuka

Minneapolis, 20 Desemba 2022

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Sisi huku wazima, ila baridi imekaza, theluji imejaa mpaka mlangoni, na saa kumi na moja kasoro jioni jua limeshatua.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Unasema watoto wa chuo chako cha Kurani wanakuja alasiri wamechoka na shule, wanasinzia juu ya juzuu, na wazazi wamezidi kukuuliza mtoto anapata faida gani kusoma asichokielewa. Swali hilo nalisikia na huku. Shule ya dini ya sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi, ninapofanya kazi, wazazi wanaliuliza hilo hilo, na baadhi wanamtoa mtoto wampeleke kwenye mpira. Kwa hiyo nikueleze ninachokiona, hasa wiki hii ya Hanuka, sikukuu yao ya usiku nane.

Watoto wanakuja Jumapili asubuhi, na Jumatano wakitoka shule. Mimi nasaidia darasa la wadogo, wa miaka sita na saba. Ungeingia ungedhani uko chuoni kwetu: alef, bet, gimel, herufi za Kiebrania, wanasoma kutoka kulia, na irabu ni vidoti na vistari, vingi vikikaa chini ya herufi kama kasra. Sauti inayowapa taabu ni kh, ile ya kheri na Khamisi, maana Kiingereza chao hakina. Neno la kwanza la dua zao ni barukh, nao walikuwa wanasema "baruk". Mwalimu aliponisikia naitamka bila shida akaniita mbele niwasomeshe. Somo, nilifurahi siku ile! Sauti tuliyozaliwa nayo imekuwa na kazi huku.

Ila wao wana mtihani ambao sisi hatuna. Msahafu wetu una irabu zote. Torati yao ya kukunja inaandikwa kwa mkono bila irabu, na wengi wao wakifika miaka 13 wanasimama mbele ya watu kusoma humo. Ndiyo maana herufi hazifanyiwi mzaha.

Wadogo wanasimuliwa Hanuka kwa ufupi. Mfalme Antioko aliwakataza Wayahudi kushika dini yao, akalinajisi Hekalu la Yerusalemu. Yuda Makabayo na ndugu zake wakapigana, wakalirudisha na kulitakasa mwaka 164 kabla ya Kristo. Mafuta safi yaliyopatikana ni ya siku moja, nayo yakawaka siku nane. Basi, hadithi inaishia hapo, watoto wanatoa pia zao za kuzungusha mezani.

Pia zao ni za pande nne, kila upande herufi moja: nun, gimel, he, shin. Herufi hizo zinafungua maneno ya "muujiza mkubwa ulitokea kule". Ikiangukia nun hupati kitu, gimel unazoa zote, he unachukua nusu, shin unatoa yako. Wanashindania sarafu za chokoleti. Sasa nun na gimel zinafanana sana, tofauti ni kijiguu tu, na kuna mtoto mmoja alikuwa anazichanganya tangu Septemba. Jumapili iliyopita pia ikasimama mbele yake, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa meza, akakitazama kile kijiguu, kisha akapiga kelele: "Gimel!" Akazoa sarafu zote. Hajazichanganya tena siku ile.

Lakini kinachowafundisha kuliko pia ni dua za kuwasha mishumaa. Usiku wa kwanza ni tatu, usiku mwingine mbili. Mtoto anazisoma darasani kwa kukwama kwama, jioni anazisoma nyumbani mbele ya kinara kilichowekwa dirishani, na kesho yake tena. Mshumaa unaongezeka mmoja kila usiku, na mmoja wa pembeni ndio wa kuwashia mingine. Ukijumlisha yote ni 44. Kufika usiku wa nane zile dua ameshazishika, wala hakuna aliyemkaripia. Naamini hiyo ndiyo siri yao kubwa: somo la asubuhi linatumika jioni hiyo hiyo, mbele ya mama na baba.

Na maana inakuja, somo, usiwe na wasiwasi. Niliwahi kukaa na darasa la wakubwa, kijana mmoja akauliza: kama mafuta yalitosha siku moja, muujiza ni wa siku saba, mbona tunasherehekea nane? Mwalimu aling'aa uso. Akamwambia swali hilo aliliuliza Rabi Yosef Karo wa mji wa Safed, karne ya 16, na wanazuoni wanalijibu mpaka leo. Karo mwenyewe ana majibu kadhaa. Moja ni kwamba mafuta waliyagawa mafungu nane, na kila fungu likawaka usiku kucha. Darasa likachangamka, kila mtu na lake. Msichana mmoja akasema siku ya kwanza muujiza ni kwamba waliwasha, ilhali wakijua hayatoshi. Watoto hawa ndio juzi juzi walikuwa wanakwama kwenye bet.

Kwa hiyo ushauri wangu, usiache herufi kwa sababu ya wazazi. Ila kila wiki wape watoto kitu kimoja kidogo cha kwenda kutumia nyumbani usiku ule, dua ya chakula au ya kulala, na uwaombe wazazi wakae wasikilize. Rajabu iko karibu, una muda wa kujaribu kabla ya Ramadhani.

Nisalimie mama sana, mwambie dawa ya mguu nimeipata, nitampa mtu anayekuja Januari. Na uniandikie darasa la jioni wamebaki wangapi.

Wasalaam,
Somo yako