Maji ya visima ndiyo yanayoua mashine za kuoshea vyombo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji wa gazeti lako nijibu malalamiko yanayozidi kusikika huku Mombasa kwamba mashine za kuoshea vyombo hazifai Pwani, kwa kuwa baada ya muda mfupi glasi hutoka na ukungu mweupe, sahani hubaki na chembe za chakula na mashine yenyewe huanza kunuka. Mimi ni fundi wa vyombo vya umeme vya nyumbani, na kwa ninayoyaona kazini, nyingi ya mashine ninazoitiwa si mbovu hata kidogo. Zimenyimwa chumvi, na chujio lake halijapata kutolewa likaoshwa.

Mgao wa maji ya mfereji hutulazimisha wengi wetu kutumia maji ya visima, na visima vya kisiwani vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambao kwa sehemu kubwa ni chokaa. Maji yanayopita humo huiyeyusha chokaa hiyo na kuibeba, na yanapopashwa moto huiacha, kama anavyojua kila mwenye birika la umeme lililoshika ukoko mweupe. Ndani ya mashine ukoko huo hushika kwenye kipasha maji na kuziba matundu ya ile mikono inayozunguka ikirusha maji.

Ndiyo sababu mashine nyingi huwa na tangi dogo la chumvi sakafuni mwake, lenye kifuniko cha kuzungusha. Hapa ndipo wateja huniuliza: maji yetu tayari ni ya chumvi, ya nini kuyaongezea nyingine? Swali lao ni la haki. Chumvi hiyo haikusudiwi kuosha vyombo. Mashine ina chembechembe za resini (aina ya plastiki) zinazonasa kalisi na magnesi, yale madini yanayoleta ukoko, kutoka katika maji, na zikishajaa huoshwa kwa maji ya chumvi kali ili ziweze kunasa upya, kisha maji hayo humwagwa. Chumvi iliyomo kisimani ni chache mno kwa kazi hiyo. Ya mezani nayo haifai, kwa sababu ni laini sana na mara nyingi imetiwa dawa ya kuizuia isigandamane. Inayotakiwa ni chumvi safi ya chenga kubwa inayouzwa kwa ajili ya mashine hizi. Ikishatiwa, ni lazima pia kiwango cha ugumu wa maji, yaani wingi wa madini hayo ndani yake, kirekebishwe kwenye vitufe, jambo ambalo karibu hakuna mteja wangu aliyewahi kuambiwa. Na pale ambapo kisima kina chumvi nyingi kupita kiasi, ni afadhali mashine iunganishwe na tangi la maji ya mfereji, kwani maji ya aina hiyo hula hata chuma kinachosifiwa kwamba hakishiki kutu.

Kuhusu chujio, litolewe na kuoshwa kila wiki. Huzungushwa kidogo, likanyanyuliwa, na ndani yake huwa pana punje za wali, miiba ya samaki na mafuta ya tui yaliyogeuka utelezi wa kijivu. Hapo ndipo harufu inapoanzia. Lisuguliwe kwa brashi laini na maji ya vuguvugu yenye sabuni, kisha lirudishwe na kukazwa barabara, maana likilegea mwiba mmoja hupenya hadi kwenye pampu. Matundu ya mikono huzibuliwa kwa kijiti cha meno, na raba ya mlango hupanguswa, hasa upande wa chini ambao maji hayaufikii.

Mara moja kwa mwezi au zaidi kidogo, mashine iendeshwe tupu, bila sabuni, kwa maji ya moto kabisa, ikiwa imetiwa vijiko vichache vya ndimu ya unga, ile ile ya kutengenezea achari. Siki hufanya kazi hiyo pia, ila ikitumiwa mara kwa mara hudhuru raba. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isitiwe kabisa: huharibu chuma, na ikikutana na ndimu au siki hutoa hewa ya sumu. Kuna wanaoshauri mlango uachwe wazi kidogo baada ya kazi ili unyevu utoke, nami nakubaliana nao, ingawa kwa mende wa mji huu ni vyema ufungwe usiku.

Ningependa wenye nyumba wakumbuke kwamba anayeitumia mashine kila siku mara nyingi ni msaidizi wa nyumbani, na ndiye anayestahili kuonyeshwa haya yote, badala ya kulaumiwa siku mashine inapogoma. Lakini lawama kubwa naiweka kwa wauzaji. Nimekuta maduka yanayouza mashine hizi kwa fedha nyingi bila kuwa na hata pakiti moja ya chumvi yake, na mteja huondoka na kitabu cha maelezo chenye lugha nyingi za Ulaya bila neno la Kiswahili. Karatasi moja inayoeleza chumvi hutiwa wapi, ugumu wa maji hurekebishwa vipi na chujio hutolewaje ingemgharimu muuzaji shilingi chache tu, na ingefaa iwekwe ndani ya mashine kabla haijatoka dukani.

Fundi wa vyombo vya umeme,
Mombasa