Walimu vijana, jembe lishikeni ninyi

Wanangu walimu,

Wiki iliyopita nilipita kwenye shule moja hapa Morogoro, saa sita mchana, jua la utosi. Watoto wa darasa la nne wamepangwa mstari kwenye bustani ya shule wanalima. Kosa lao ni kuchelewa namba. Mwalimu wao, kijana mdogo tu, amesimama kivulini na fimbo, uso ameukunja. Nimeshindwa kunyamaza.

Mnayobeba nayajua, nimefundisha shule za msingi mpaka nikastaafu. Kiwango kinasema wanafunzi 45 kwa chumba, lakini tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 wapo kati yenu wenye mara mbili ya hao, wengine wamekaa sakafuni. Andalio la somo linadaiwa, madaftari hayajasahihishwa, mzazi anakuja kufoka mbele ya darasa, na mshahara unaliwa na mikopo ya kausha damu kabla haujatulia mfukoni. Poleni, wanangu.

Lakini hasira zote hizo mnamtupia mtoto wa miaka kumi, tena kwa jembe! Hapo ndipo mnaponiudhi. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shamba liwe sehemu ya masomo, na wanafunzi washiriki kuamua liendeshwe vipi. Ninyi mmeligeuza kiboko. Mtoto aliyelimishwa kwa sababu alichelewa, kila akiona tuta la mchicha anaikumbuka aibu yake. Halafu tunakaa mikutanoni kulalamika kwamba vijana wanakimbia kilimo. Tumewafukuza sisi wenyewe, tangu darasa la nne.

Jembe lishikeni ninyi. Miaka ile ya zamu mbili, asubuhi na mchana, nilikuwa nikifika nyumbani kichwa kinavuma, sitaki kusemeshwa na mtu. Navua viatu, naingia kwenye matembele, nang'oa magugu, nageuza samadi, natafuta viwavi chini ya majani. Hadi magharibi inaingia, yule mtoto aliyenitoa machozi saa nne nimeshakumbuka kwamba alikuja shule hajala kitu tangu jana yake. Kesho yake namwita kwa upole.

Anzeni na mchicha, wiki tatu au nne mnavuna. Nyanya msizikimbilie, yule mdudu kantangaze anayezishambulia atawavunja moyo. Samadi ya kuku iacheni ioze kwanza, ikiwa mbichi inaunguza miche. Asiye na kiwanja ajaze udongo kwenye kiroba, akiweke barazani. Simu ibaki ndani, kundi la WhatsApp la shule litasubiri. Na msianze kupiga hesabu za kuuza, mtajitafutia presha nyingine.

Wakubwa wa elimu nao wasijifiche nyuma ya barua hii. Mwalimu mwenye watoto mia kwenye chumba kimoja, hata alime bonde zima, bado anahitaji mwalimu mwenzake na chumba cha pili. Semina ya msongo wa mawazo haijengi darasa. Na sisi wazazi tunaomtukana mwalimu mbele ya wanafunzi wake, tunataka kesho aingie darasani na moyo gani?

Mbegu za mchicha ninazo, na mashina ya matembele ya kupanda yapo tele. Njooni Jumamosi asubuhi mchukue. Madaftari yaacheni shuleni.

Mama yenu, mwalimu mstaafu
Morogoro