Restora za karitie nazo muziandike

Bwana Mhariri,

Nilisoma ule ukurasa wenu juu ya restora mpya za kando ya ziwa, huko Himbi na pembeni yake, na mapicha ya meza nyeupe na samaki mzima juu ya sahani, na kichwa cha habari kikasema kama restora hizo zinasaidia watu wa Goma. Sipingi. Zinalipa wafanyakazi, zinanunua samaki, zinalipa kodi, na siku ya mshahara hata mimi ningependa kuketi pale kama mfuko ungeruhusu. Lakini kama habari ni ya restora zenye zinasaidia watu wanaoishi kando yake, basi mlianzia mbali bwana mhariri. Mngepita kwanza Birere, Majengo, Katindo, Ndosho, mkainamisha kichwa mkaingia kwenye malewa moja ya mbao (malewa ni restora ndogo ya karitie, ya mtaa), ile iliyojengwa juu ya mawe meusi ya volkano, na benchi mbili na rido ya kitenge pa mlango.

Mle ndani anakula nani? Anakula kijana wa chukudu (kinga ya mbao ya kubebea mizigo, kama baiskeli) mwenye ametoka Kibumba alfajiri na mzigo wa viazi, anakula motari (mwendesha pikipiki), anakula mwanafunzi wa chuo kikuu, wa UNIGOM ao wa ULPGL, mwenye baba yake yuko kijijini na njia imefungwa, anakula mwashi, anakula polisi wa barabarani pia (huyo mara analipa mara hapana, tuache). Na kuna wengine wenye hamuwaoni kabisa, ni wenye wanalinda mgonjwa hospitalini. Kila mtu wa hapa anajua, ukilazwa hospitali ya kwetu daktari anakuja, dawa unanunua, lakini sahani ya chakula haikuletewi kitandani, ni familia njo inapika, na kama familia imetoka Masisi ao Walikale haina jiko hapa mjini, haina ndugu, ina tu kitambaa kimefungwa makuta (pesa) kidogo ndani. Hao watu wanakula wapi? Kwa yule mama wa mbele ya geti. Anawawekea uji mu termos, anawapikia mchuzi bila pilipili juu mgonjwa amepasuliwa, na dada ya mgonjwa akikaa pale muda mrefu anaanza kumsaidia kuosha sahani na chakula yake haihesabiwi tena. Hakuna karatasi yenye inaandika ile, hakuna mradi, hakuna bango la mfadhili pa mlango.

Nataka kusema juu ya kaye. Kila mama wa restora ana kaye (daftari) ya madeni, ile ya watoto wa shule, imelowa mafuta pembeni. Kuna moja nilionyeshwa karibu na kazi yangu Katindo, majina mengi mle si majina, kumeandikwa "jaketi ya bluu", "motari wa kofia imepasuka", "wa UNIGOM mrefu", "baba wa mapacha". Mama haombi kitambulisho, haandikishi mkataba, anakuangalia uso tu. Tangu vita kufika mjini mwisho wa Januari 2025 na benki kufunga, hiyo kaye njo ilikuwa benki yetu, nasema bila kuchekesha. Watu walikuwa na mshahara kwenye konti na hawawezi kuushika, wengine wanatumiwa kwa simu, ukienda kutoa unakatwa pesa mingi ao unaambiwa hakuna makuta, rudi kesho. Mtu mwenye mshahara analala njaa! Na wamama wenyewe walikuwa hawana kitu, lakini waliendelea kuandika mu kaye, wakapunguza nyama, wakaongeza sombe (majani ya muhogo) na maharagi, moto ukawaka. Sijui ni kampuni gani kubwa ya mji huu ilifanya kama vile bila kuomba rehani.

Na mtu asifikiri hawa wamama wanagawa vya bure, hapana. Deni inalipwa. Usipolipa, sauti ya mama inasikika hadi Entrée Président, na utapita njia ingine mwaka mzima. Njo maana napenda hii kazi kuliko misaada ya kupanga mstari, juu hapa mtu anakula na heshima yake, anaitisha sosi ya matabisi (ya nyongeza) kama kliyenti mwingine yeyote.

Sasa muangalie pesa ya sahani moja inatembea wapi. Sambaza, samaki wadogo wa ziwa, inatoka ku Kituku, soko la kando ya ziwa, asubuhi, wavuvi wamekesha ziwani na taa zao, wamama wa pwani wanapima na basini, mtoto anabeba. (Sambaza yenyewe ni mgeni hapa, ililetwa mu ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, leo mwambie mtu wa Goma kama hii si samaki ya babu yake aone.) Maharagi na viazi vinatoka Rutshuru na Masisi, kama njia inapitika. Unga wa muhogo mama ananunua kwa mwenzake wa soko Virunga, maji ananunua kwa kijana wa kinga mwenye amefunga mabidoni ya lita 20 huku na huku, makala (mkaa wa kupikia) kwa mwenye kuuza gunia. Maganda ya viazi na majani ya kabichi hayatupwi, kuna jirani anakuja kuyachukua kwa dende zake (wanyama wadogo wa kufuga, kama panya wakubwa) na sungura, na siku moja moja dende inarudi jikoni ikiwa mshikaki. Ile pesa inazunguka mu karitie mara nyingi mbele ya kutoka. Pesa ya chupa ya divai ya kando ya ziwa inafanya zunguko gani? Naachia wenye kusoma hesabu.

Kwenye makala kuna shida na lazima tuseme. Makala mingi ya mji huu inatoka mu msitu wa pori la Virunga, kila mtu anajua na kila mtu ananyamaza. Mama anapika toka saa kumi ya usiku hadi jioni juu ya mbabula (jiko la makala) mbili tatu, moshi unamla macho, na gunia inapanda bei kila mara njia inaharibika. Siyo yeye wa kulaumiwa. Nani alimletea jiko lenye kula makala kidogo akamwambia lipa kidogo kidogo? Wanaletaka semineri juu ya mazingira, hiyo ndiyo inakuja.

Na hapo kwenye semineri njo nataka kufika hasa, juu njo kilinifanya nishike kalamu. Mji wetu ni mji wa semineri. Kila juma kuna mafunzo, kuna mikutano, kuna siku ya hiki na siku ya kile, na kila mara kuna chakula ya mchana ya watu thelathini, hamsini, mia. Nani anapika? Hoteli. Juu ili upewe komande wanakuomba RCCM (karatasi ya kuandikisha biashara), wanakuomba namba ya kodi, wanakuomba faktire za mihuri, wanakuomba konti ya benki (benki gani?), na mama wa Ndosho ana patanti yake (ruhusa ya biashara ndogo) tu na kikaratasi cha soko cha kila siku, basi ametoka mu mchezo. Kisha kinachofanyika kila mpishi wa mji anakijua, hoteli inachukua komande kwa dolari, inapita mlango wa nyuma inanunua sombe na lituma (ndizi za kupondwa) kwa yule yule mama kwa franka, inaweka kwenye sahani za chuma zinazong'aa na kifuniko, watu wanasema chakula ya hoteli ni tamu!

Kuna shirika moja, jina silitaji, lilijaribu vizuri, lilimpa jirani yetu komande ya chakula ya mafunzo juma nzima. Tulifurahi karitie yote. Alikopa mchele, alikopa mafuta, aliita wasichana wawili wamsaidie, akapika, wakakula wakasifu. Halafu pesa. "Dosye iko Kinshasa." "Mwenye kusaini yuko misheni." Ilipita miezi ya kutosha hadi mwenye kumkopesha mchele akakuja kuchukua sufuria zake mbili kubwa. Alipolipwa, sufuria zilikuwa zimeshauzwa. Sasa ukimwambia komande ya ONG (ya mashirika) anakuangalia tu. Kwa hoteli miezi mitatu ya kungoja si kitu, kwa mama wa mbabula ni kufunga mlango.

Haya si mambo magumu ya kupanga, wengine wameshafanya. World Central Kitchen, lile shirika ambalo mpishi José Andrés alianzisha nyuma ya tetemeko la Haiti la 2010, linapika lenyewe lakini pia linalipa restora za fasi penyewe zipikie watu. Mwaka 2020, wakati wa Korona, walifanya hivyo Marekani, restora zilikuwa zimefungwa na watu wana njaa, wakalipa wapishi waliokuwa wamekaa bure, chakula ikatoka, kazi haikufa. Ufaransa wao wana Restos du Cœur, yenye kugawa chakula ya bure, ya mchekeshaji Coluche, tangu 1985, alifikiri ni ya majira moja ya baridi na mpaka leo bado iko. Ile ya Coluche naiheshimu lakini kwetu napendelea ya kwanza, juu inamwachia mpishi kazi yake. Ukileta chakula ya bure kutoka mbali na kuigawa mbele ya malewa ya mtu, umeshibisha watu juma mbili na umemuua mwenye angewashibisha mwaka mzima. Tuliona hivyo hapa, mara nyingi, karibu na makambi ya wakimbizi.

Mnakumbuka Mei 2021. Nyiragongo ililipuka jumamosi ile usiku, tarehe 22, kisha tarehe 27 wakatuambia mji uhame, tukapanda miguu kuelekea Sake, wengine Gisenyi, wengine mashua hadi Bukavu. Ile siku ya kwanza Sake nani alipika? Magari ya msaada yalikuja, ndiyo, lakini baadaye. Mbele yake ni wamama wa barabarani waliweka sufuria chini wakaanza kupakua, mwenye pesa analipa, mwenye hana anapewa. Restora ndogo haingoji mkutano wa kuratibu.

Nisiseme pia kama zote ni nzuri. Kuna malewa mtu anapashwa kukimbia. Maji ya Kituku yanachotwa moja kwa moja ziwani, na kipindupindu tunacho kila mwaka, hatuwezi kufanya kama hatujui. Wakati wa Ebola, pale mgonjwa wa kwanza alipofika Goma Julai 2019, kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji ya kloro na robine, hata mtoto alikuwa anajua kunawa mbele ya kugusa bugali. Ebola ikaisha 2020, ndoo zikaenda kuwekewa kasiksi (pombe ya ndizi) nyumbani. Hapo nalaumu wamama na nalaumu siye kliyenti pia, tunaketi tunakula na mikono ya makuta na ya gidoni ya moto (usukani wa pikipiki). Lakini ukaguzi ukija hauji na ndoo, unakuja na faini, na faini yenyewe haina risiti.

Ninachoomba ni kidogo. Mashirika, makanisa, mashule, mukiwa na mkutano wa watu chini ya hamsini, agizeni kwa mama wa karitie ile ile, mumpe avansi ya nusu asubuhi ya kupika na nusu ingine jioni kabla sahani hazijaoshwa. Wamama watatu wanne wa avenyi moja wanaweza kuungana, wengi wako tayari pamoja kwenye likelemba (kuchanga pesa kwa zamu), mmoja achukue karatasi za RCCM kwa jina la wote, na mwenye anajua hizo biro awasindikize badala ya kuwauzia njia. Na wenye kulinda mgonjwa, hospitali na wafadhili wangeweza kutengeneza tikiti ya sahani yenye inalipwa kwa mama wa mbele ya geti kila ijumaa, ni rahisi kuliko kujenga jiko jipya lenye litafungwa mradi ukiisha.

Nanyi wa gazeti, kila toleo mnatoaka bei ya dolari. Kando yake muweke bei ya gunia ya makala, ya bidoni ya maji na ya basini ya sambaza ya Kituku. Mama njo hizo anaangaliaka asubuhi mbele ya kuwasha moto, na siye wenye kukula kwake tungejua mbona bugali imepunguka juma hii, tuache kumpigia kelele.

Msomaji wenu,
Katindo, Goma