Mahindi Yenye Mapengo Hayahitaji Dawa

Kila mwaka masika yanapoelekea ukingoni na mahindi mabichi yanapoanza kukomaa hapa Morogoro, wateja wetu wanaolima nyuma ya nyumba hutuletea dukani mahindi yaliyowashangaza: hindi lililojaa punje upande mmoja tu, hindi jeupe lenye punje za njano, au mmea uliozaa punje kileleni. Swali lao karibu wote huwa ni moja, nalo ni dawa gani ipigwe. Dawa tunaziuza, lakini tungependa mteja aelewe, kabla hajatoa fedha yake, kwamba sehemu kubwa ya maajabu haya haitokani na ugonjwa bali na ufinyu wa eneo na namna mbegu zilivyopangwa ardhini.

Malalamiko tunayoyasikia zaidi ni ya mapengo. Mbelewele iliyo juu ya mmea ni ua dume, na ndevu zinazochomoza kwenye hindi changa ni sehemu ya ua jike, ambapo kila udevu umeunganishwa na punje yake moja. Udevu usipopata chavua, punje yake haijai. Chavua ya mahindi hubebwa na upepo, na kwa kuwa ni nzito, nyingi huanguka mita chache tu kutoka kwenye mmea ilikotoka. Shambani jambo hili halina madhara, kwa sababu kila mmea umezungukwa na mingine pande zote, lakini kwa mtu aliyepanda mstari mmoja kando ya ukuta, chavua karibu yote huishia barabarani au kwa jirani. Mimea 24 ikipangwa katika mistari minne ya mimea sita sita, kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, hujaza vizuri zaidi kuliko mimea hiyohiyo ikinyooshwa katika mstari mmoja, na mpangilio huo haumgharimu mtu hata shilingi moja.

Menya hindi lako ulitazame kwa utulivu, kwa kuwa lenyewe linaonyesha kilichotokea. Punje zikiwa zimetawanyika mojamoja kwenye gunzi, chavua ilikuwa chache. Ncha ikiwa tupu huku sehemu nyingine zimejaa, kumbuka kwamba ndevu za nchani ndizo hutoka mwisho, hivyo huenda zilikuta chavua imekwisha, au mmea uliishiwa maji na chakula wakati punje zilipokuwa zinajaa. Ndevu zikiwa zimekatwa hadi usawa wa maganda, kuna wadudu waliozila kabla hazijafanya kazi yake. Ukame nao una namna yake ya kuharibu: huchelewesha ndevu, wakati mbelewele haisubiri. Kwa hiyo, mwenye maji machache ayatunze kwa ajili ya kipindi cha mbelewele na ndevu, hata kama amelazimika kubana umwagiliaji hapo kabla.

Kwa bustani ndogo sana tunashauri uchavushaji wa mkono. Asubuhi, umande ukishakauka, tikisa mbelewele ndani ya mfuko mkavu wa karatasi mpaka uone vumbi la njano, kisha linyunyize juu ya ndevu za mimea mingine, na urudie kazi hiyo kwa siku kadhaa mfululizo, kwa sababu ndevu hazitoki zote siku moja.

Punje za njano katika hindi jeupe zina maelezo mepesi: kuna jirani aliyepanda mahindi ya njano, mara nyingi kwa ajili ya kuku wake. Sehemu ya ndani ya punje hurithi kutoka kwa mama na kwa baba pia, ndiyo maana rangi hujitokeza msimu uleule, na hindi hilo linalika bila wasiwasi wowote. Anayepata hasara ya kweli ni mkulima wa mahindi matamu, kwa kuwa chavua ya mahindi ya kawaida hugeuza punje zake kuwa za wanga na kuondoa utamu alioulipia kwenye mbegu. Apishane na jirani kwa wiki mbili au tatu katika kupanda.

Punje zinazoota juu kwenye mbelewele hutokea zaidi kwa machipukizi ya pembeni. Maua ya mahindi huanza yakiwa na viungo vya kiume na vya kike kwa pamoja, kisha kimoja hudumaa. Safari hii cha kike hakikudumaa. Hali hii haiambukizi.

Kuna mambo mawili ambayo hatushauri kuyaacha. Uvimbe wa kijivu unaojaa unga mweusi ni fugwe, ugonjwa wa ukungu usiotibika kwa kupuliza. Kata uvimbe huo kabla haujapasuka na uutoe kabisa bustanini. Jambo la pili ni viwavijeshi vamizi, walioingia Tanzania mwaka 2017. Ukiona majani yametobolewa na kinyesi kama vumbi la mbao kimejaa kwenye moyo wa mmea, fungua majani hayo umtafute kiwavi mwenye alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne meusi yaliyokaa mraba karibu na mkia. Katika bustani ya nyumbani kuwaokota kwa mkono kila jioni hutosha mara nyingi. Ikibidi kutumia dawa, ipulizwe wakiwa wadogo, ielekezwe kwenye moyo wa mmea, na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko ziheshimiwe, maana mahindi haya ndiyo watoto watakayochoma.

Ukituletea hindi tulichunguze, lije na maganda na ndevu zake, pamoja na picha ya bustani nzima inayoonyesha mistari yako. Ushauri huu hatuutozi fedha, hata kwa mteja ambaye mwishoni hatahitaji kununua kitu.