Barua ya wazi kwa vijana wa Kigoma mnaogombania mkaa, gesi na tabianchi

Wanangu wa Ujiji, Mwanga, Gungu, Kibirizi na Katonga, nawasalimu wote, wa upande huu na wa upande ule. Mi ni mama yenu, wengine ni bibi yenu, nimestaafu unesi na wengi wenu nimewachanja mkiwa mnabebwa mgongoni. Naandika wazi kwasababu na nyie mnagombana wazi, kwenye mkutano wa mtaa, kwenye mabaraza ya kahawa, kwenye bajaji, mpaka msibani watu wamekaa chini ya turubai badala ya kumfariji mfiwa wanabishana kama joto la dunia ni kweli au ni biashara ya watu wa gesi.

Nimewasikiliza sana. Upande mmoja mnasema haya mambo ya tabianchi ni uongo wa wazungu, wao wamechoma makaa ya mawe miaka na miaka wakatajirika alafu leo wanakuja kumfuatilia mama wa Kigoma na jiko lake la mkaa. Upande wa pili mmesoma, mmeshiriki semina, mnapanda miti, mnajua maneno yote, ila mnaongea na watu kama vile kila anayenunua mkaa ni adui wa nchi. Kwenye mkutano wa mtaa uliopita kijana mmoja alisimama akasema wauza mkaa ndo wanaotuletea ukame, kulikuwa na mama pale anauza mkaa tangu mumewe afariki, watoto wanasoma kwa huo mkaa, alikuwa amenyoosha mkono muda mrefu anataka kuongea, aliposikia hivo akaushusha, akajifunga kanga yake vizuri akaondoka. Hakuna aliyemwita arudi. Hilo limeniuma mpaka leo.

Wanangu, mnagombania mambo mawili mkidhani ni moja. La kwanza ni kama dunia inapata joto na nini kinasababisha. La pili ni nani alipe. La kwanza lina jibu, limeshapimwa. La pili halijapata jibu na hilo ndo la kugombania, tena gombaneni haswa, ila msikatae la kwanza kwasababu mna hasira na la pili, na wala msidhani ukishalijua la kwanza basi la pili linajijibu lenyewe.

Nianze na la kwanza. Kuna mwanamke wa Marekani anaitwa Eunice Foote, mwaka 1856 alichukua mitungi ya vioo, mmoja una hewa ya kawaida mwingine ameujaza hewa ukaa, ile inayotoka ukichoma mkaa au mafuta, akaweka vipimajoto ndani akaianika juani, ule wa hewa ukaa ukapata joto zaidi na ukachelewa sana kupoa. Akaandika kwamba dunia ikiwa na hewa hiyo kwa wingi itakuwa na joto. 1856 wanangu! Burton na Speke walifika hapa Ziwa Tanganyika 1858, yaani hao ambao vitabu vinawataja kuwa wazungu wa kwanza kuliona ziwa letu walikuwa hata hawajafika na huyu mama alishaandika. Mwaka 1896 mwanasayansi Arrhenius wa Sweden akapiga hesabu ya joto litakavyoongezeka hewa hiyo ikizidi. Kuanzia 1958 inapimwa kule Mauna Loa, Hawaii, walianza na sehemu 315 kwa kila milioni ya hewa, sa hivi imepita 420, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa. Kwahiyo anayesema jambo hili limetungwa juzi ili tuuziwe mitungi ya gesi, mwanangu, hilo sikubaliani nalo, lina umri kuliko babu wa babu yako.

Alafu ziwa letu. Wazee wenzangu wanasema ziwa linapanda na kushuka tangu enzi, na wanasema kweli. Miaka ya 1870 lilijaa sana kwasababu mto Lukuga upande wa Kongo, ambao ndo mto pekee unaotoa maji ziwani, ulikuwa umezibwa na tope na majani, ulipofunguka maji yakashuka kama mita 10 ndani ya miaka isiyofika ishirini. Kwahiyo yale maji ya 2020 na 2021 yaliyoingia kwenye nyumba za watu hapa kwetu, na kule Bujumbura na Uvira, sitawaambia kwamba yenyewe peke yake yanatosha kuwa ushahidi. Mi naangalia joto la maji. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, na chakula kinachoanzisha maisha ya samaki kimelala chini kule gizani, kinapanda juu pale upepo wa kiangazi wa kutoka kusini unapoyachanganya maji. Sasa maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanakaa hukohuko juu hayachanganyiki na ya chini, ile rutuba inabaki chini, mwani unapungua, na vidudu vinavyokula mwani vinapungua, na dagaa anayekula vidudu naye anapungua. Watafiti walichapisha hayo mwaka 2003 wakakadiria kwamba uzalishaji wa ziwa umeshuka kama asilimia 20. Uvuvi wa kupita kiasi nao upo, nyavu haramu zipo, ndo maana 2024 uvuvi ziwani ukafungwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ila wanaosema ni nyavu tu wanaacha nusu ya habari.

Na hapa ndo nataka nyie mnaosema mabadiliko ya tabianchi hayatuhusu mnisikilize vizuri. Mnaogopa gharama, na mna haki ya kuogopa, lakini gharama tunalipa tayari. Nendeni Kibirizi asubuhi pale wanapoanika dagaa, muulizeni mama yeyote aliyeinama kwenye ule mchanga anawageuza, muulizeni beseni alikuwa ananunua shilingi ngapi zamani na sa hivi shilingi ngapi. Hiyo bei haina jina la tabianchi, hakuna risiti inayoandikwa hivo, ila imo. Na umeme hivohivo, mwishoni mwa 2022 mvua zilichelewa mabwawa yakapungua maji, nchi nzima ikaingia kwenye mgao, wenye saluni na wenye mashine za kusaga wakakaa wanaangaliana. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, ni kitu kikubwa na najivunia, lakini nalo linakula mvua.

Sasa nije kwenu mliosoma, maana kwenu nina maneno mengi zaidi.

Afrika nzima kwa pamoja haifiki hata asilimia 4 ya hewa ukaa inayotoka duniani. Mtanzania mmoja kwa mwaka hafiki nusu tani, Mmarekani mmoja anapita tani 13. Kwahiyo yule kijana wa boda anayewaambia kwamba hili deni siyo lake, amewaambia ukweli, msimcheke. Mwambieni ndio, uko sahihi, ndo maana kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi pale Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022 nchi zilikubaliana kuwe na mfuko wa kulipia hasara za nchi zinazoumia, na mfuko huo hautajaa kama sisi wenyewe tunasema hakuna hasara. Hilo ni jambo la kumwambia mtu na akakusikiliza.

Kingine, mnapenda kusema gesi ni nafuu kuliko mkaa, mnapiga hesabu ya mwezi mnaonyesha kwenye karatasi. Hesabu hiyo ni ya mtu anayelipwa kwa mwezi. Mama anayeuza ndizi mbivu stendi hela yake ni ya leo, anarudi jioni na elfu tatu, anatoa ya unga, anatoa ya dagaa na mawese, inabaki ya mkaa kiroba kidogo cha kupikia leo na kesho chai. Mkaa unauzwa kwa kopo. Gesi haiuzwi kwa kopo. Mtungi wa kilo 6 ukiisha anatakiwa awe na elfu ishirini na kitu mkononi kwa mara moja, na sisi Kigoma tuko kama kilomita 1,250 kutoka bandarini Dar kwa reli, gesi hii ya mitungi inaingia nchini kwa meli, kwahiyo usafiri wote huo uko ndani ya bei. Serikali iligawa mitungi kwa ruzuku na ni jambo zuri, ila nimepita nyumba za watu nimeona mitungi imewekwa juu ya kabati imefunikwa kitambaa, imeisha gesi. Yule mama hajakataa maendeleo, amekosa elfu ishirini siku ileile.

Wala sisemi mkaa ni mzuri. Nimekaa zahanati miaka mingi nikisikiliza vifua, watoto wa chini ya miaka mitano waliolelewa kwenye jiko la ndani, akina mama wasiojua hata sigara inashikwaje na kifua kinakoroma kama cha mvutaji. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020 peke yake. Na msitu unaisha, tanuri la udongo la kienyeji linahitaji kilo sita mpaka kumi za kuni kutoa kilo moja tu ya mkaa, tena inategemea mchomaji, asipolala hapohapo akiziba nyufa kwa udongo usiku hewa inaingia na mzigo wote unageuka majivu. Mti wa myombo unakua taratibu sana, unaokatwa leo huko Uvinza aliyeukata hatauona tena ukiwa hivo.

Umeme je. Hapa ndo naona vijana wa pande zote mbili mngekutana kama mngeacha kutukanana. Kigoma tulikaa miaka kwenye majenereta ya dizeli mpaka 2022 ndo tukaanza kuingia Gridi ya Taifa, na mradi wa maji wa Malagarasi pale Igamba ni megawati 49.5. Mi nyumbani napikia maharage kwenye lile jiko la presha la umeme, maharage ya Kasulu makavu, nayaloweka usiku, asubuhi naweka na chumvi naziba, hata saa moja haifiki yameiva na uniti inayotumika haifiki nusu. Kwa sisi tulio kwenye kundi la matumizi madogo uniti moja ni kama shilingi 122, kwahiyo sufuria zima la maharage ni chini ya shilingi 70. Kwa mkaa maharage hayohayo yanakula elfu nzima na zaidi. Ila kundi hilo mwisho ni uniti 75 kwa mwezi, ukipita hapo bei inaruka karibu mara tatu, na uniti 75 ni za taa, tv, friji dogo na kuchaji simu, ukiongeza kupika kwa familia ya watu saba unavuka. Na jiko lenyewe dukani ni laki na zaidi. Tunahimizwa tuache mkaa alafu bei imepangwa kana kwamba hatupiki! Hapo ndo pa kusimama mkaongea, na hapo hamhitaji kukubaliana kuhusu wazungu.

Mjue pia ugomvi huu siyo wa kwetu peke yetu. Ufaransa mwaka 2018 serikali ilitaka kupandisha kodi ya dizeli kwa sababu ya tabianchi, watu wa vijijini wasio na treni wala basi wakavaa fulana za njano wakafunga barabara, Desemba serikali ikarudi nyuma. Wengi wao hawakuwa wanakataa kwamba dunia ina joto, walikuwa wanauliza mbona kodi imeanza na wao. Uingereza 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine bei ya gesi ilipaa, bili ya nyumba ya kawaida ilikuwa ifike pauni 3,549 kwa mwaka serikali ikaizuia kwenye 2,500, na mpaka leo wanabishana, wengine wanasema ni sera za mazingira zimewapandishia, wakati sehemu kubwa ya mruko ule ilikuwa gesi yenyewe. Na sisi mwaka huohuo mafuta yalipanda mpaka serikali ikaweka ruzuku ya bilioni 100. Anayepikia kitu kinachotoka nje anapanda na kushuka na vita za watu asiowajua, nyie mnaoitetea gesi kama dini hilo nalo mliweke kwenye hesabu.

Ninachowaomba ni hiki. Mkutano ujao diwani akija, kaeni mstari mmoja. Ombeni kikomo cha uniti 75 kiongezwe kwa nyumba inayopikia umeme. Ombeni majiko hayo yakopeshwe kupitia vikundi, mtu alipe kidogo kidogo, na gesi iuzwe kwa kipimo kama walivyoanza kujaribu Dar, ile ya mita unalipia kwa simu kile ulichonacho. Wachoma mkaa wafundishwe tanuri bora na wapewe vibali kwenye msitu wa kijiji unaosimamiwa, maana mkimfukuza tu atachoma usiku. Na yule mama mfuateni nyumbani mumuombe radhi, alafu mkutanoni aongee wa kwanza, anajua bei ya nishati ya mtaa huu kuliko mimi na nyie wote.

Anayetaka kuona hilo jiko likifanya kazi aje kwangu Jumamosi na maharage yake, umeme natoa mimi, na mita iko ukutani kila mtu asome mwenyewe. Wabishi njooni pia, nyie hasa ndo nawasubiri.

Mama yenu,
Ujiji