Shukrani kwa kijana wa kivuko cha Pangani

Kaka yangu, jina lako sikulijua. Tulitoka Mkwaja kuchukua vitu vya marehemu bibi yetu, tunarudi Tanga kwenye arobaini yake. Kwa ule uchovu wa msiba nikausahau mkapu wa ukili kivukoni. Ukatukimbilia hadi stendi, kanzu umeipandisha magotini, unahema.

Ndani mlikuwa na msahafu wake, na daftari la mwaka 1970, ule Mwalimu Nyerere alioutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kurani bibi aliisoma tangu utotoni, chuoni, lakini herufi za kizungu alizianza akiwa na watoto watano. Ukurasa wa kwanza kaandika jina lake mara kumi na moja. La mwisho ndilo lililonyooka. Chini kayapanga majina ya wanawe, kisha, kwa kalamu nyingine, ya wajukuu, mpaka langu.

Nilikupa nauli ukakataa. Ukasema, "Mkimsomea, mtajeni na bibi yangu."

Tulimtaja kwenye khitma, Ngamiani. Jina hukutuachia, basi tukasema hivyo hivyo: bibi wa kijana wa kivukoni. Mola awarehemu wote wawili, nawe akulipe kheri.